Machicha ya Mvinyo Yanatafuta Mgonjwa

Sina ugomvi na machicha ya zabibu. Ni mabaki ya kazi halali: zabibu zimekamuliwa, mchuzi umekwenda kwenye mapipa, na kilichobaki ni maganda, mbegu na vikonyo, kama yanavyobaki machicha ya nazi baada ya tui kutoka. Ugomvi wangu ni na anayeyakausha, akayasaga, akayatia kwenye kapsuli, kisha akachora moyo mwekundu juu ya kopo na kumfuata mtu mwenye presha. Hapo biashara ya mabaki imegeuka biashara ya wagonjwa, na ushahidi wa kuibeba haupo.

Nasema haupo huku nikijua wapo watakaonirushia tafiti. Tafiti zipo, tena nyingi, na nitazifikia. Kwanza tutazame bidhaa yenyewe inavyotembea mitaani. Fungua kundi lolote la WhatsApp, liwe la ukoo, la jumuiya au la waliosoma pamoja, hutakosa tangazo lake. Dondoo ya mbegu za zabibu “inazibua mishipa”, “inaimarisha moyo”, “inashusha presha bila madhara”. Muuzaji hujiita mshauri wa afya. Hana cheti cha famasia wala usajili wa tiba asili. Alicho nacho ni mnyororo wa watu aliowaingiza chini yake na kamisheni inayopanda kila mmoja wao anapouza. Dozi kamili, utaambiwa, ni miezi mitatu. Usipopata nafuu, mwili wako bado unatoa sumu, ongeza kopo jingine.

Hayo tumeyazoea. Kilichonichokoza hasa kilitoka mbali na Kariakoo, kwa watu tunaowategemea watuwekee mfano. Tarehe 1 Februari 2023, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilijibu ombi la Barry Callebaut, kampuni kubwa ya kakao yenye makao yake Uswisi. Ikasema haitapinga iwapo unga wa kakao wenye flavanoli nyingi utaandikwa kwenye paketi kwamba huenda ukapunguza hatari ya magonjwa ya moyo, mradi maneno hayo yafuatane na kauli kuwa ushahidi wa kisayansi wa jambo hilo ni mdogo sana. Isome tena taratibu. Mamlaka inakiri kwamba ushahidi ni mdogo sana, na katika sentensi hiyohiyo inaruhusu neno “moyo” lipande kwenye paketi. Mnunuzi ataliona lipi kati ya hayo mawili akiwa amesimama mbele ya rafu?

Unaweza kuuliza kakao inahusianaje na mvinyo. Flavanoli za kakao na zile za mbegu za zabibu ni ukoo mmoja. Katekini na jamaa zake zimo kote kuwili. Mlango uliofunguliwa kwa kakao unatosha kumpitisha mwenye machicha ya zabibu bila kuinama. Na mwenye machicha ana haja kubwa ya kupita, kwa sababu mzigo wake ni mkubwa. Kiasi cha moja ya tano hadi robo ya uzito wa zabibu zinazoingia kiwandani hubaki kama machicha. Ukiyamwaga ovyo yanachachuka, yananuka na kuchafua maji. Ufaransa kwa miaka mingi iliwalazimu watengenezaji kuyapeleka kwenye viwanda vya kukenekea, ambako hutolewa spiriti, asidi ya tartariki, mafuta ya mbegu, rangi ya chakula inayoandikwa E163, na mwisho mbolea. Waitaliano wanayageuza grappa. Hizo ni kazi za heshima na hazihitaji kumdanganya mtu.

Tatizo ni kwamba mvinyo wenyewe umeanza kukosa wanywaji. Mwaka huohuo wa 2023 serikali ya Ufaransa ilifikisha euro milioni 200 za kununulia mvinyo uliozidi ili ukenekwe na kuwa alkoholi ya viwandani, ya manukato na vitakasa mikono. Sekta inayolipwa ili iharibu bidhaa yake kuu hutafuta thamani hata kwenye mashapo. Dodoma nako, ambako mzabibu unazaa mara mbili kwa mwaka, wakulima wa Hombolo, Mpunguzi na Chinangali wanakijua kilio cha soko: mnunuzi akichelewa wiki moja, zabibu zinaozea shambani. Akija mtu na habari kwamba hata machicha yana bei ya dawa, nani atamfukuza?

Ndiyo maana nasema safari hii ilianza upande usio wake. Aliyeanza si daktari mwenye wagonjwa anayetafuta tiba. Ameanza mwenye tani za mabaki, ndipo akatafutwa mgonjwa wa kuyameza. Kuanza hivyo si dhambi peke yake, dawa nyingine nzuri zimepatikana kwa njia za ajabu kuliko hiyo. Lakini anayeanza na mabaki anapaswa kubanwa zaidi kuhusu ushahidi, na huyu amebanwa kidogo kuliko wote.

Hadithi ya zabibu na moyo ilipata umaarufu kwenye runinga. Tarehe 17 Novemba 1991 kipindi cha 60 Minutes cha CBS kiliwaonyesha Wamarekani kile kilichoitwa kitendawili cha Wafaransa: watu wanaokula siagi na jibini bila woga lakini hawafi sana kwa moyo. Mtangazaji Morley Safer alishika glasi, mtafiti Serge Renaud akatoa maelezo, na mvinyo mwekundu ukagombewa madukani. Mwaka uliofuata Renaud na mwenzake Michel de Lorgeril wakaichapisha hoja hiyo kwenye The Lancet. Mwaka huohuo wa 1992 watafiti wa Cornell walitangaza kuwa ndani ya mvinyo kuna resveratroli, kemikali ambayo mzabibu huitengeneza kujikinga na ukungu.

Hapo biashara ikapata ilichokuwa ikikikosa. Pombe ina aibu yake, ina ajali zake na ini lake, na kwa nusu ya majirani zangu ni haramu. Kemikali ndani ya kapsuli haina hayo yote. Unaweza kumuuzia sheikh na mchungaji siku moja.

Yaliyofuata yangetosha kuwanyamazisha wenye haya. Mwaka 2006 panya waliolishwa mafuta mengi pamoja na resveratroli waliishi muda mrefu kuliko wenzao waliokula mafuta hayohayo bila resveratroli, na magazeti yakashangilia. Dozi ilikuwa miligramu 22.4 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa mtu wa kilo 70, ukihesabu kilo kwa kilo, ni zaidi ya miligramu 1,500, wakati lita nzima ya mvinyo mwekundu kwa kawaida ina miligramu chache tu; ungehitaji mamia ya lita kila siku. Mwaka 2008 GlaxoSmithKline ilitoa dola milioni 720 kuinunua Sirtris, kampuni iliyojengwa juu ya matumaini hayo. Mwaka 2010 ikasimamisha jaribio la resveratroli yake kwa wagonjwa wa saratani ya uboho baada ya baadhi yao kupata matatizo ya figo, na mwaka 2013 ikafunga ofisi za Sirtris. Kati ya hapo, Januari 2012, Chuo Kikuu cha Connecticut kilitangaza kuwa uchunguzi wake wa miaka mitatu umekuta matukio 145 ya kughushi na kuchakachua data katika kazi za Dipak Das, mmoja wa watafiti mashuhuri wa resveratroli na moyo. Mwenyewe alikana. Chuo kiliyaandikia majarida 11.

Mwaka 2014 ukaja utafiti ambao kwangu unauma kuliko kashfa, kwa sababu hauna kashfa. Watafiti walikwenda Chianti, nyumbani kabisa kwa mvinyo mwekundu, wakawafuatilia wazee 783 wenye miaka 65 na zaidi. Hawakutegemea maelezo yao ya wanachokunywa, maana watu huongopa. Walipima mabaki ya resveratroli kwenye mkojo. Katika miaka tisa wazee 268 walifariki. Waliokuwa na resveratroli nyingi na waliokuwa na kidogo walikufa sawa, waliugua moyo sawa, na walipata saratani sawa.

Wenye kapsuli wana hoja zao, nizitaje. Wanasema kuyatumia mabaki ni bora kuliko kuyatupa. Kweli, lakini mbolea na rangi pia ni matumizi. Wanasema mkulima ataongezewa kipato. Inawezekana, ingawa sijaona mnyororo wa bidhaa hizi ambao faida yake huishia shambani badala ya kwa mwenye nembo. Wanasema kapsuli ni salama kuliko glasi ya mvinyo. Hilo nakubali bila ubishi, hasa baada ya Shirika la Afya Duniani kusema Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Ila kuwa salama kuliko pombe ni sifa ambayo hata kiazi kitamu kinayo. Na wanasema ni kitu cha asili. Sawa.

Hoja yao nzito ni moja tu, ile ya presha, na hiyo inastahili muda. Dondoo ya mbegu za zabibu imepimwa kwa binadamu, katika majaribio yenye makundi mawili, moja likipewa dondoo na jingine vidonge visivyo na kitu. Mwaka 2011 uchambuzi uliojumlisha majaribio tisa yenye watu 390 ulikuta presha ya juu imeshuka kwa wastani wa milimita 1.54 za zebaki. Presha ya chini haikushuka, lehemu haikubadilika. Mwaka 2016 uchambuzi mwingine, wa majaribio 16 na watu 810, ulikuta mshuko mkubwa zaidi: milimita 6 hivi kwa presha ya juu na karibu 3 kwa ya chini. Wauzaji wanaupenda huu wa pili. Niwaachie. Nijadiliane nao kana kwamba milimita sita ni zao bila shaka yoyote.

Kwanza, sita hizo ni za nani? Gawa watu 810 kwa majaribio 16, unapata watu hamsini kwa kila jaribio. Na wachambuzi wenyewe waliona faida ikijitokeza zaidi kwa wenye umri chini ya miaka 50, kwa wanene, na kwa wenye matatizo ya umetaboli. Sasa mtazame anayeuziwa kopo. Ni bibi wa miaka 66 mwenye presha ya 170, anayemeza dawa mbili na ana sukari juu yake.

Lakini hata hilo si kiini. Kiini ni kwamba katika majaribio yote hayo hakuna aliyehesabu mishtuko ya moyo. Hakuna aliyehesabu viharusi. Hakuna aliyehesabu waliokufa. Yasingeweza: ni ya wiki chache, na watu hamsini hawatoshi. Yalipima namba kwenye mashine ya presha, basi. Na kopo halisemi “inashusha namba kwenye mashine ya presha”. Kopo linasema moyo.

Atakayeona nagombania neno naomba akumbuke mwaka 1989. Madaktari walijua kwamba waliopata mshtuko wa moyo na kubaki na mapigo yasiyo na mpangilio hufa zaidi. Dawa za kutuliza mapigo hayo zilikuwapo, enkainidi na flekainidi, na zilifanya kazi: kwenye karatasi ya mashine ya moyo mapigo yalitulia vizuri. Mwenye akili timamu angesema hizi zinaokoa maisha, na maelfu ya wagonjwa walikuwa tayari wanazimeza. Ndipo likafanyika jaribio lililoitwa CAST. Kati ya wagonjwa 755 waliopewa dawa walikufa 63. Kati ya 743 waliopewa vidonge vitupu walikufa 26. Mstari kwenye karatasi ulipendeza huku mwenye moyo akienda makaburini.

Au chukua torcetrapib ya Pfizer. Ilipandisha lehemu nzuri kwa asilimia 72 na kushusha mbaya kwa asilimia 25, namba ambazo mwenye kapsuli za zabibu hawezi hata kuziota. Desemba 2006 jaribio lake la wagonjwa 15,067 lilisimamishwa kwa ghafla kwa sababu waliokuwa kwenye dawa walikuwa wanakufa zaidi: 93 dhidi ya 59. Au chukua vitamini E, binamu wa polifenoli (kundi la flavanoli na resveratroli) katika hoja ya kupambana na oksidisho, iliyotolewa na kumezwa kwa imani kwa miaka. Jaribio la HOPE la mwaka 2000 liliwapa watu zaidi ya 9,500 walio katika hatari ya moyo, wengine vitamini E, wengine vidonge vitupu. Tofauti haikuonekana.

Mtu makini atanishika hapa. Presha, atasema, si kama mapigo au lehemu. Kuishusha kunaokoa watu, hilo limethibitishwa. Kweli kabisa. Uchambuzi uliochapishwa na The Lancet mwaka 2016, wa tafiti 123 zenye watu 613,815, ulionyesha kwamba kila presha ya juu ikishushwa milimita 10, matukio makubwa ya moyo na mishipa hupungua kwa asilimia 20 na viharusi kwa asilimia 27. Kwa hiyo, ataendelea, milimita sita za zabibu nazo zina sehemu yake.

Hazina mpaka zithibitishwe. Namba zile ni za dawa ambazo kila moja ilipelekwa mbali hadi kwenye matukio. Tena hata kati ya dawa halisi za presha imewahi kutokea moja ikashindwa njiani. Katika jaribio kubwa la ALLHAT kulikuwa na kundi lililopewa doksazosini, dawa inayoshusha presha na iliyokuwa inaandikwa na madaktari kila siku. Mwaka 2000 kundi hilo lilisimamishwa mapema, kwa sababu ukilinganisha na waliopewa dawa ya zamani ya kukojoza, klothalidoni, moyo kushindwa kufanya kazi kulikuwa kumetokea mara mbili zaidi. Presha yao ilikuwa inashuka. Mioyo yao ilikuwa inachoka. Kama dawa iliyopita kwenye maabara, hospitali na mamlaka inaweza kuwageuka watu namna hiyo, machicha yaliyopimwa kwa watu hamsini kwa wiki nane yanapata wapi ujasiri wa kuchora moyo?

Na katika ukoo huu wa flavanoli jaribio moja kubwa limekwisha kufanyika. Linaitwa COSMOS, ni la kakao, na lilichapishwa mwaka 2022. Wanawake wa miaka 65 na zaidi na wanaume wa miaka 60 na zaidi, jumla 21,442, walifuatiliwa kwa wastani wa miaka 3.6. Kwenye kipimo kikuu, yaani jumla ya matukio ya moyo na mishipa, waliokunywa dondoo walipata matukio 410, wasiokunywa 456. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba bahati peke yake inaweza kuileta, na watafiti walisema hivyo wazi. Vifo vya moyo vilipungua zaidi, ila hicho kilikuwa kipimo cha pili, ambacho kwa kanuni zao wenyewe hakitoshi kujengea tiba. Kwa hiyo binamu mwenye mtaji mkubwa kuliko wote alipopanda mizani alitoka na “huenda”. Zabibu haijapanda mizani kabisa.

Kuna kingine ambacho sijawahi kukisikia kwenye tangazo lolote. Mwaka 2013 watafiti wa Copenhagen waliwachukua wanaume 27 wenye umri wa miaka 65 hivi, wakawafanyisha mazoezi makali kwa wiki nane. Nusu walipewa miligramu 250 za resveratroli kila siku. Mazoezi yaliwasaidia wote, lakini waliomeza resveratroli walipata faida ndogo kuliko wenzao: presha na lehemu hazikushuka kama za wasiomeza, na uwezo wa kutumia hewa haukupanda sawa nao. Ni jaribio dogo, nalo sitalitukuza. Hata hivyo fikiria mzee anayedamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia ufukweni, kisha anarudi nyumbani kumeza kidonge kinachomnyang’anya alichokikimbilia, tena kwa hela yake.

Nimejitahidi kuwa mpole hadi hapa. Upole wangu unaishia kwenye neno “mbadala”.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilisema watu wanne kati ya watano wenye presha duniani hawatibiwi ipasavyo. Wengi hawajui kama wanayo. Wengine wanajua, wanaanza dawa, kisha wanaacha kwa sababu presha haiumi na vidonge vinachosha. Ni watu hao anaowawinda mwenye kopo. Anawakuta pale walipochoka, anawaambia dawa za hospitali zinaharibu figo, anawapa zabibu. Wakati huo amlodipini, losatani na bendro zipo kwenye duka la dawa la mtaani, zimepimwa kwa watu kwa makumi ya maelfu, zimehesabiwa mpaka kaburini, na kwa kawaida dozi ya mwezi haifikii bei ya kopo moja. Anayemtoa mgonjwa kwenye dawa hizo na kumtia kwenye machicha hafanyi biashara ya virutubisho. Anauza kiharusi kwa mkopo, na siku ya kukilipa yeye hatakuwepo wodini.

Ajabu ni kwamba Ulaya wameliona hili na kuliandika. Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya uliruhusu resveratroli iliyotengenezwa kiwandani iuzwe kama kirutubisho, mwisho miligramu 150 kwa siku, kwa watu wazima pekee, na lebo ikaamriwa iseme kwamba anayetumia dawa asitumie bidhaa hiyo ila chini ya uangalizi wa daktari. Wenye ugonjwa wa moyo karibu wote wanatumia dawa. Kwa maneno mengine, kibali chenyewe kinamzuia mteja anayelengwa na tangazo. Kwenye orodha ya Ulaya ya madai ya afya yaliyokubaliwa, flavanoli za kakao zimo, polifenoli za mafuta ya zeituni zimo, za zabibu hazimo. Isipokuwa kuna ujanja: vitamini B1 imeruhusiwa kudai kuwa inasaidia kazi ya kawaida ya moyo, hivyo mtengenezaji akiongeza chembe ya B1 kwenye dondoo yake anaruhusiwa kuandika moyo juu ya kopo lenye picha ya kishada. Sheria haikuvunjwa. Mnunuzi ndiye aliyevunjwa.

Na kishada hicho mara nyingi hakihusiki. Sehemu kubwa ya resveratroli ya madukani hutoka kwenye mizizi ya gugu la Asia, Polygonum cuspidatum, lisilo na udugu wowote na mzabibu. Dondoo ya mbegu nayo ina yake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la Food Chemistry ulipima bidhaa 21 zilizokuwa sokoni kama dondoo ya mbegu za zabibu, ukakuta baadhi zimejazwa dondoo ya maganda ya karanga. Maganda ya karanga! Kwa mtu ambaye karanga humbana pumzi, kosa hilo linaua kwa dakika, bila kusubiri moyo.

Kwetu mwanya uko wazi zaidi. Tangu mwaka 2019 Tanzania ilipohamisha chakula kwenda TBS na kuiachia TMDA dawa na vifaa tiba, kapsuli hizi zimepata mahali pazuri pa kusimama. Mbele ya mkaguzi ni chakula, mbele ya mgonjwa ni dawa. Sitaki zipigwe marufuku. Mtu mzima ana haki ya kumeza machicha akitaka. Nataka kitu kimoja cha kawaida. Kitu chochote kinachouzwa kwa jina la kiungo cha mwili, moyo, figo au ini, kihukumiwe na sheria ya dawa, kwa maana hivyo ndivyo mnunuzi anavyokielewa. Ukitaka kibaki chakula, andika “unga wa mbegu za zabibu” na uzito wake, uweke kwenye rafu ya viungo karibu na iliki.

Na akiwapo mwenye kiwanda anayeamini kweli anachokiuza, njia anaijua. Atafute watu elfu kumi na zaidi wenye hatari ya moyo, nusu wapewe dondoo yake, nusu vidonge vitupu, mtu yeyote asijue amepewa kipi, wahesabiwe mishtuko, viharusi na vifo kwa miaka minne au mitano, na matokeo yachapishwe hata yakimfedhehesha. Asiniambie ni ghali. Mars, watu wa chokoleti, walichangia gharama za COSMOS, wakakubali kuchapishiwa jibu ambalo halikuwa walilolitamani. Wa zabibu wamekuwa wakizungumzia moyo tangu 1991.